Karafuu Ulimini: Habari za Mashamba ya Kizimbani na Kidichi

Msafiri atokaye Mji Mkongwe wa Unguja kwa njia ya kaskazini hupita Malindi, akaiacha Mtoni upande wa bahari, na afikapo Bububu hugeuka kuelekea mashariki. Hapo njia huanza kupanda pole pole. Udongo hugeuka ukawa mwekundu, minazi huchanganyika na miembe na mifenesi, na baada ya kitambo gari husimama kivulini, penye kijana mwenye kisu kidogo mkononi akiwangoja wageni. Mahali hapo ni Kidichi, au Dole, au Kizimbani, maana vijiji hivyo vimekaribiana na mashamba yake yaelekeana.

Kijana huyo ndiye mtembezi wa shamba. Hukwangua mzizi wa mti, akampa mgeni anuse, kisha humwuliza ni kitu gani. Mgeni husema ni kafuri, na watu hucheka, kwa kuwa mti wenyewe ni mdalasini: gome lake ni kiungo cha pilau na chai, lakini mzizi wake una harufu nyingine kabisa. Hupasua kungumanga, ndani ikaonekana kokwa iliyozungukwa na wavu mwekundu wa basibasi. Huponda mbegu za mzingifuri na kuwapaka wanawake midomo. Huonyesha iliki ikizaa chini kabisa karibu na udongo, na pilipili manga ikiparamia mti wa watu. Mtu mwingine hupanda mnazi kwa kitanzi cha kamba miguuni, huku akiimba, akaangusha madafu. Mwisho mkeka hutandikwa, likaletwa birika la chai ya mchaichai, yakakatwa mananasi, mastafeli na machungwa, na wageni wakaonja kimoja baada ya kimoja. Watokapo hununua vipakiti vya viungo, na vya karafuu kwanza.

Desturi hii si ya Unguja peke yake. Katika nchi ya Ufaransa, miji ya Reims na Épernay ina nyumba za kale zitengenezazo mvinyo wa champagne, na wageni kutoka pande zote za dunia huzuru nyumba hizo kwa namna iyo hiyo. Hushushwa chini ya ardhi katika mapango ya chokaa, ambayo mengine huko Reims yalichimbwa tangu enzi za Warumi. Huonyeshwa chupa zilizolala gizani kwa miaka. Husimuliwa jinsi mvinyo unavyochachuka mara ya pili ndani ya chupa yenyewe, na jinsi masimbi yake yanavyotolewa. Ndipo hupandishwa juu na kupewa bilauri. Kitu kinachoonjwa ni kingine, na kwa watu wa Unguja walio wengi ni haramu, lakini utaratibu ni mmoja. Mwenye mali humwonyesha mgeni mahali mali ilipotoka, kisha humwonjesha, na baina ya macho na ulimi humtilia hadithi. Mwanahistoria hana mashindano na ulimi wa mtu. Shughuli yake ni ile hadithi.

Wafaransa wenyewe wameonja uchungu wa jambo hili. Kwa muda mrefu wageni walisimuliwa kwamba mvinyo wenye povu ulibuniwa na mtawa Dom Pérignon wa Hautvillers, aliyefariki mwaka 1715. Wataalamu wa historia ya mvinyo wameonyesha ya kuwa mtawa huyo hakubuni povu lile. Zaidi ya hayo alijitahidi kulizuia, maana siku zile chupa iliyochachuka ilihesabiwa kuwa hasara. Hata hivyo hadithi ya mtawa ni nzuri, na yauza mvinyo, basi haifi.

Huko Kizimbani nako kuna mtawa wake. Mgeni husimuliwa kwamba mikarafuu ya Unguja ililetwa na Sayyid Said bin Sultan, Mfalme wa Oman na Zanzibar. Neno hili lina nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni kitu kigumu kung'oa kuliko uwongo mtupu.

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku katika bahari ya mashariki, nchi ambayo leo ni sehemu ya Indonesia. Katika karne ya 17 Waholanzi walijitwalia biashara yake, na ili bei isishuke wakaikata mikarafuu ya visiwa vingine na kuiacha pale walipoweza kuilinda tu. Mnamo mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre, liwali wa serikali yake katika kisiwa cha Mauritius, alifaulu kuipata miche kwa siri. Kutoka Mauritius mkarafuu ulifika Réunion, na kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa ndipo ulipovuka kuja Unguja. Aliyeuleta, kwa jinsi habari zilivyopokewa, si mfalme bali mfanyi biashara, Mwarabu wa Oman aliyeitwa Saleh bin Haramil al-Abri, aliyekuwa na uhusiano mkubwa na Wafaransa wa visiwa vile. Wengine huutaja mwaka 1812, wengine mwaka 1818. La hakika ni kwamba Mfaransa Albrand, alipozuru Unguja mwaka 1819, aliikuta mikarafuu imekwisha kuwa mirefu. Mashamba ya Saleh yalikuwa Mtoni na Kizimbani. Kwa hiyo mgeni asimamapo Kizimbani amesimama kweli penye chimbuko la karafuu ya Afrika ya Mashariki; katika hilo mtembezi hakumdanganya.

Ama Sayyid Said, yeye alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828. Saleh alikuwa mtu mwenye nguvu na wafuasi, na wenye nguvu wawili hawakai vyema katika kisiwa kimoja. Mali ya Saleh ilitwaliwa, na Kizimbani na Mtoni zikawa mashamba ya mfalme. Sayyid Said akauona upesi ule utajiri uliokuwa umefichika katika mti huu, akapanda na kupandisha watu. Inasimuliwa ya kuwa aliwaamuru wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii angenyang'anywa shamba. Alipofariki baharini mwaka 1856 alikuwa na mashamba yapatayo 45 katika kisiwa. Sifa ya kueneza ni yake pasipo ubishi. Sifa ya kuleta ni ya mwingine, ambaye mti alioupanda ndio uliomfanya atamaniwe mali yake.

Lakini hadithi ya mtembezi ina pengo kubwa kuliko hilo la jina la Saleh. Mti haujipandi. Msitu wa Kizimbani ulifyekwa na watu. Mashimo yalichimbwa na watu. Mche mchanga wa mkarafuu, ambao hauvumilii jua kali, ulitiliwa kivuli na kunyweshewa maji na watu, mwaka baada ya mwaka, maana huchukua miaka sita au zaidi kabla haujazaa. Watu hao walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Waliishi mashambani chini ya msimamizi, na chini yake nokoa, na chini ya nokoa kadamu, ambao hawa wawili wa mwisho mara nyingi walikuwa watumwa wenyewe. Walipewa kipande cha ardhi walime muhogo wao, na kwa desturi siku za Alhamisi na Ijumaa ziliachwa kuwa zao. Karafuu zikiiva, hata siku hizo zilikuwa mashakani.

Msomaji asiyewahi kuiona kazi ya karafuu huenda akadhani uchumaji wake ni kama kuchuma machungwa. Karafuu si tunda. Ni chipukizi la ua ambalo halijafunguka. Lichumwe mapema, halina mafuta ya kutosha. Lichumwe likisha kuchanua, halina thamani. Kati ya mapema na kuchelewa pana siku chache tu, na katika mti mmoja mashada hayaivi pamoja, kwa hiyo mti mmoja hurudiwa mara kadhaa. Mkarafuu mkubwa hupita urefu wa mita 10, na matawi yake hukatika kwa ghafula bila kulia. Mchumaji huvuta tawi kwa kamba au kwa kijiti chenye ndoana, akachuma shada zima na kulitia kikapuni. Jioni nyumba nzima hukaa kuchambua, karafuu huku na makonyo huku. Kisha karafuu huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kama nne au tano, na mvua ikinyesha hukimbizwa ndani, maana zikivunda hugeuka nyeupe na kupoteza mafuta. Kilo tatu mbichi hutoa kilo moja kavu. Wajuzi huipima karafuu njema kwa kuibonyeza kwa ukucha: mafuta hutoka. Huipima pia kwa kuitia majini: iliyo njema husimama wima, kichwa juu, na iliyokauka vibaya hulala.

Hayo ndiyo yaliyofanywa Kizimbani kwa mikono ya watumwa zaidi ya nusu karne. Kati ya wote waliofanya hayo, hadithi ya shambani haimtaji hata mmoja kwa jina.

Kuna kitabu kimoja kinachoielezea Kizimbani ya siku zile kwa mapenzi makubwa. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844 na baadaye akajulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Kizimbani ilikuwa miongoni mwa mali zake, na baada ya fitina za jamaa zake za mwaka 1859 aliihama shari ya mjini akaenda kukaa huko. Kitabu chake kina thamani kubwa. Hakuna mwanamke mwingine wa jumba lile aliyeandika. Walakini utulivu wa shamba aliouonyesha ni utulivu uonwao na mwenye shamba, na katika swala la utumwa aliwatetea wenyeji wake mbele ya Wazungu kwa maneno ambayo mtumwa wa Kizimbani, kama angalijua kuandika, huenda asingaliyatia sahihi.

Si mbali na hapo, Kidichi, wageni husimamishwa kutazama hamamu alizojenga Sayyid Said mnamo mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, Shehrzad, anayetajwa kuwa mjukuu wa Shah Fath Ali. Kuta zake zimepambwa kwa chokaa iliyochorwa maua na ndege kwa namna ya Kiajemi, jambo lisilo la kawaida katika nyumba za Unguja za wakati ule. Jengo ni zuri, na mtu hupata baridi akiingia. Mfalme na mkewe walipumzika hapo baada ya kutembea na kuwinda. Mtembezi huyaeleza haya yote kwa ufasaha, na ni haki yake. Ila jengo la chokaa hudumu, kibanda cha makuti hakidumu. Basi historia inayoonekana kwa macho huwa ni ya waliojenga kwa chokaa.

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja. Ilivunja majahazi bandarini na kung'oa mikarafuu kwa maelfu, hata mashamba mengi ya kisiwa yakabaki uwanda. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Wenye mali wa Unguja walipanda upya, na bei ya karafuu ilipanda kwa uhaba, lakini tangu mwaka ule sehemu kubwa ya mavuno imetoka Pemba, na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Hapa ndipo penye ajabu ya ziara ya viungo. Champagne hutembezwa pale unapotengenezwa. Karafuu hutembezwa Unguja na kuvunwa Pemba. Miti michache ambayo mgeni huonyeshwa Kizimbani ni ya kufundishia macho, imepandwa mmoja mmoja pamoja na mvanila na mdalasini ili yote ionekane kwa saa mbili. Shamba halisi la karafuu, lenye majamvi yaliyoanikwa njia nzima na mizani na vumbi la magunia, liko ng'ambo ya maji, na wengi wa wageni hawafiki.

Mwaka mmoja baada ya tufani, mwezi wa Juni 1873, Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kuifunga biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Mkunazini likafungwa. Utumwa wenyewe haukufungwa. Uliendelea mashambani mpaka amri ya mwaka 1897, chini ya himaya ya Waingereza iliyoanza mwaka 1890. Na amri hiyo nayo haikumwachilia mtu hata mmoja kwa nguvu yake yenyewe. Mtumwa alitakiwa aende mahakamani kuomba uhuru wake, na mwenye mtumwa akalipwa fidia. Serikali ilikuwa na sababu ya kuogopa: mwishoni mwa karne ya 19 ushuru wa karafuu ulifika robo ya thamani yake, na hazina ya nchi iliuegemea huo. Waliopewa uhuru wengi walibaki palepale, wakalima chini ya mikarafuu kwa ruhusa ya mwenye ardhi, wakapalilia kwa malipo, na wakati wa mavuno wakachuma kwa pishi. Wahadimu na Watumbatu nao walikuja kuchuma, na wengine wakavuka kwenda Pemba kwa msimu.

Hata ziara yenyewe si mpya kama wengi wanavyodhani. Reli ya Bububu, iliyofunguliwa mwaka 1905 na kampuni ya Kimarekani, iliwabeba watu wa mji na mizigo yao kwa maili saba hivi, lakini ilikuwa pia na behewa la heshima kwa abiria wa meli waliotaka kuona mashamba kabla meli yao haijang'oa nanga. Reli iliondolewa katika miaka ya 1920. Tamaa ya mgeni kuifuata harufu mpaka kwenye mti wake haikuondoka nayo.

Yafaa kurudi Ufaransa kidogo, kwa sababu ya mwaka 1911. Mwaka huo wakulima wa zabibu wa nchi ya Champagne waliingia katika mji mdogo wa Aÿ wakavunja na kuchoma moto nyumba za wafanyi biashara wa mvinyo. Ugomvi wao ulikuwa huu: nyumba zile zilinunua zabibu rahisi kutoka mikoa ya mbali, zikazifanya mvinyo, na kubandika juu ya chupa jina la Champagne, na mkulima wa Champagne akabaki na zabibu zake na madeni yake. Serikali ilituma majeshi. Baada ya hapo, kwa sheria ya mwaka 1927 na taratibu za mwaka 1936, mipaka ya Champagne ilifungwa, na jina likawa mali ya ardhi na ya watu wake, si ya nyumba za biashara peke yao. Mtembezi wa mapangoni hayasimulii sana hayo ya moto.

Zanzibar ilikuwa na ugomvi wake wa namna hiyo, ingawa haukufika kuchoma nyumba. Wenye mashamba, Waarabu na Waswahili, walikuwa wamezama katika madeni kwa Wahindi wenye kukopesha na kununua karafuu. Shamba liliwekwa rehani na mavuno yakauzwa kabla hayajaiva. Chama cha Wakulima wa Karafuu kilianzishwa mwaka 1927, na kwa amri za mwaka 1934 kikapewa mamlaka makubwa, huku uhamishaji wa ardhi kwa sababu ya deni ukizuiliwa. Amri ya mwaka 1937 ikakifanya chama hicho kuwa mnunuzi na msafirishaji pekee. Wafanyi biashara wa Kihindi wa Zanzibar walisusa, na Bara Hindi, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ikasusa pamoja nao, hata mwaka 1938 serikali ikalazimika kupatana na kurudisha sehemu ya biashara kwao. Katika mashauri yote yale, ya serikali, ya wenye mashamba na ya wafanyi biashara, mchumaji hakuwa na kiti. Pande zote zilisema kwa jina la karafuu, na pande zote hazikuwa zimepanda juu ya mti.

Yaliyofuata yajulikana zaidi na yatosha kutajwa kwa ufupi. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 ardhi ilitwaliwa na serikali, na tangu mwaka 1965 ikagawiwa kwa watu eka tatu tatu. Kwa mara ya kwanza mjukuu wa mtumwa wa Kizimbani aliweza kusimama chini ya mkarafuu akauita wake. Lakini karafuu yenyewe hakuweza kumwuzia amtakaye: Shirika la Biashara la Taifa ndilo lililokuwa mnunuzi pekee, kama kilivyotakiwa kuwa kile chama cha mwaka 1937. Bei aliyopewa mkulima ilipoachana mno na bei ya ulimwengu, karafuu zilivushwa usiku kwa magendo kwenda Kenya, na adhabu kali hazikuzizuia. Kisha Indonesia, ambayo watu wake huvuta sigara zilizochanganywa na karafuu na ndiyo iliyokuwa mteja mkubwa, ikapanda mikarafuu yake ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ikaanguka. Mikarafuu mingi ilizeeka bila kupandiwa badala. Mwaka 2011 serikali iliongeza sana bei ya mkulima, na magendo yakapungua. Katika hali hiyo ya bei kuanguka ndipo ziara za viungo zilipostawi, tangu mwisho wa miaka ya 1980, Unguja ilipoanza kufungua milango kwa watalii. Si ajabu kwamba mwenye eka tatu, ambaye karafuu zake zilikuwa hazimlishi, aliona ya kuwa harufu yake yaweza kumlisha.

Kwa hiyo si haki kumdharau mtembezi wa shamba, kama baadhi ya wasomi wafanyavyo, wakisema kazi yake ni kufurahisha watalii. Yako mambo ayajuayo ambayo hayamo katika barua za mabalozi wala katika hesabu za forodha. Ajua karafuu inavyotuliza jino, na kwa nini ulimi hufa ganzi mtu akiitafuna. Ajua mchaichai ukitumika kwa homa, na langilangi ikitiwa katika mafuta ya bibi arusi. Elimu hii hakuipata kwa Sayyid Said. Imetoka katika jiko na katika ua wa nyuma, kwa mabibi, na mabibi hao waliipokea kwa mabibi waliokaa katika vile vibanda vya makuti ambavyo havikudumu. Hata majina ayatajayo ni historia: karafuu ni neno la Kiarabu, mdalasini lina asili ya Kiajemi, iliki imetoka Bara Hindi, na pilipili ikiitwa manga huambiwa tu kwamba ilifika kwa mkono wa watu wa Arabuni. Mzingifuri, vanila na nanasi vimevuka kutoka Amerika. Mtu akijua kusikiliza, kutembea hatua mia chini ya miti ile ni kuizunguka dunia.

Kuna tendo moja ambalo baadhi ya watembezi hulionyesha, mvanila ukiwa umechanua. Ua la vanila katika nchi zetu haliwezi kujizalisha, kwa kuwa wadudu wa kwao Mexico waliolizoea hawakuja nalo. Mtembezi hulipasua taratibu kwa kijiti chembamba, akainua utando mdogo uliomo ndani, na kwa kidole gumba akaisukuma chavua mahali pake. Kila ua hufunguka kwa asubuhi moja tu, na kila ua lazima liguswe na mkono wa mtu. Njia hii ilivumbuliwa kisiwani Réunion mwaka 1841 na kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond, ambaye alipopata uhuru mwaka 1848 alipewa na jina la ukoo, Albius. Dunia nzima ilitajirika kwa kidole chake. Yeye alikufa maskini mwaka 1880. Basi katika shamba zima la Kizimbani, kazi ya mtumwa ijulikanayo kwa jina la mwenyewe ni hiyo moja, na mtumwa huyo si wa Unguja. Ni wa visiwa vile vile vya Wafaransa ambako mkarafuu wa Saleh bin Haramil ulitoka.

Saa sita mchana gari hurudi mjini kwa njia iliyojia. Wengi wa wageni, wakisha kula, hununua tiketi ya pili na kuongozwa na mtembezi wa pili mpaka Mkunazini. Huko huonyeshwa kanisa kuu la Waanglikana, lililoanza kujengwa mwaka 1873 juu ya uwanja wa soko la watumwa, na shimo lenye sanamu za watu watano waliofungwa mnyororo shingoni, zilizochongwa mwaka 1998. Mtembezi huyu wa pili husimulia safari ya kutoka bara, mnada, na kufungwa kwa soko. Aghalabu husimulia pia walikopelekwa walionunuliwa: Oman, Uajemi, Bara Hindi, visiwa vya Wafaransa. Kizimbani, iliyo karibu kuliko zote, haitajwi sana, maana Kizimbani ni ya ziara ya asubuhi. Mgeni husimama kimya ukingoni mwa shimo, mkono juu ya mkoba wake, na kipakiti cha karafuu alichokinunua asubuhi kingali kikinuka ndani.